Kopo la Kutemea

Karatasi ilikuja Jumatatu jioni, imebanwa kwa pini kwenye kifua cha sare ya mtoto, kana kwamba mtoto mwenyewe ni ubao wa matangazo. Bibi hakujua kusoma, lakini karatasi za shule alizijua hata kwa mbali, na hakuzipenda.

"Wanataka nini tena hao?" akauliza, shavu moja limetuna kwa ugoro. "Juzi walitaka ufagio, juzi ile walitaka picha. Leo wanataka figo?"

"Wanataka takataka, Bibi," akasema mjukuu wake. Mtaa mzima ulimwita Kijino, kwa sababu meno ya mbele yote yalikuwa yameng'oka isipokuwa moja, nalo lilisimama peke yake katikati ya mdomo bila aibu yoyote.

Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Akavuta kopo lake lililokuwa pembeni, akatema, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Takataka! Basi leo tumekuwa matajiri. Chukua mlango, mwanangu, chukua kitanda, mchukue na baba yako."

Mama Kijino aliichomoa ile pini, akaichomeka kwenye blauzi yake kwa sababu pini haitupwi, kisha akasoma kwa sauti. Wazazi wapendwa. Jumatatu ijayo shule itakuwa na maonyesho ya kazi za mikono, yenye jina Hakuna Kinachotupwa. Kila mtoto wa darasa la pili alete vifungashio kumi vitupu vya chakula: maboksi ya kornifleksi, makopo ya maziwa ya unga, vikopo vya mtindi, trei za mayai. Visiwe na mikunjo wala rangi iliyochujuka. Mtoto atakayeleta vizuri kuliko wote ndiye atakayempa mgeni rasmi shada la maua.

"Vifungashio ndiyo nini?" akauliza Bibi.

"Vile ambavyo chakula kinakuja navyo, mama."

"Chakula hapa kinakuja na gazeti."

Hakuwa ametia chumvi. Unga wao ulipimwa dukani kwa kibaba na kumiminwa kwenye gazeti la zamani, sukari ilisokotwa kwenye kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, mafuta yalifungwa fundo katika kifuko chembamba kilichotobolewa kwa jino. Hata hivyo walitafuta nyumbani. Chumba kimoja na kibaraza hakichukui muda kupekuliwa. Baba Kijino, fundi baiskeli, aliingia na mikono yake myeusi ya grisi, akaambiwa habari, naye akainama chini ya kitanda akatoka na kigaloni cha mafuta ya breki.

"Hiki hakifai?"

"Wamesema cha chakula," akasema Kijino.

"Sasa mimi ningejua vipi kwamba kuna siku nitaulizwa nimekula nini?"

Katika nyumba ile nzima kulikuwa na kifungashio kimoja tu chenye picha. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ubavuni mwake mtoto mnene asiye na nguo alikuwa anacheka. Bibi alikuwa anatemea humo ugoro tangu Kijino hajajua kutambaa. Kijino alikaa tu mbele ya Bibi, kidevu juu ya magoti, macho kwenye kopo.

"Usinitazame hivyo," akasema Bibi.

Kijino akaendelea kutazama.

"Nimesema usinitazame! Huyu mtoto ananitoa roho. Haya, lichukue. Nitatemea kikombe cha baba yako."

"Kikombe changu?" akaruka Baba Kijino.

"Unacho kingine?"

Kuliosha kopo lile ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu. Ndani kulikuwa na ganda la kahawia lililoshikamana miaka na miaka, gumu juu, laini chini, na lilipomiminiwa maji ya moto likatoa mvuke uliomfanya Mama Kijino aweke kopo chini na kwenda kusimama uani kwanza. Akarudi. Akalisugua kwa majivu, akalimwaga. Akalisugua kwa mchanga, akalimwaga. Mara ya tatu aliazima brashi ya waya ya mumewe, akachokonoa kwenye mshono wa chini. Alipomaliza, bati ndani liling'aa kama sarafu na mtoto mnene alikuwa na mashavu mekundu ambayo Bibi mwenyewe hakuwahi kujua kwamba anayo.

"Kumbe yule ni mweupe," akasema Bibi, akakibinya kikombe cha mwanawe mapajani.

Wakawa na kimoja kati ya kumi.

*

Mama Kijino aliifahamu shule ile kuanzia chini, kwa maana ya sakafu yake. Alikuwa msafishaji. Wenyewe walimwita Dada wa Usafi, hata watoto wa miaka mitano. Mshahara wake ulikuwa wa kuchekesha, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amekubali kwamba maadamu yeye anafagia, mtoto wake atasoma bila ada. Kwa sababu hiyo alivumilia mengi. Kila alipopiga deki darasa la pili, alimwona Kijino amekaa dawati la mbele, jino lile limetokeza, anasoma kitabu chenye kurasa zote, na mgongo ulikuwa unaacha kumuuma kwa muda.

Jumatano asubuhi magari yalianza kuleta vifungashio. Mama Kijino alikuwa anafuta madirisha ya ofisi alipomwona dereva wa kwanza ameshika katoni kubwa kifuani, anatembea kinyumenyume kama anayebeba kabati. Akashangaa. Vitu vitupu havibebwi hivyo.

Nyuma ya dereva aliingia mama mmoja wa miwani myeusi, marashi yake yametangulia.

"Mwalimu, hamjambo jamani. Nimeleta maboksi kumi, kama mlivyosema. Yamejaa lakini."

"Yamejaa?" akasema Mwalimu Mkuu.

"Sisi nyumbani kornifleksi hatuli, inampa mtoto gesi. Nimenunua kwa ajili ya maonyesho tu. Mtamwaga wenyewe, eti? Mimi nikianza kumwaga nyumbani nitajaza jikoni."

"Usijali, mama. Tuna mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa dirishani na kitambaa cha maji.

Ilipofika saa nne ukumbi ulikuwa umefanana na duka. Mzazi mmoja akisikia mwenzake ameleta maboksi kumi mapya, anapiga simu dereva arudi alete kumi na matano. Kila mtu alitaka mwanawe ashike shada la maua. Makopo ya maziwa yalikuja na vifuniko havijafunguliwa. Trei za mayai zilikuja na mayai yake. Vikopo vya mtindi vilikuja baridi bado, vinatoa jasho. Mwalimu wa darasa la pili, binti mdogo aliyeajiriwa mwaka ule, alisimama katikati na daftari lake la kuandikia nani ameleta nini, akamnong'oneza Mama Kijino, "Dada, mimi nilidhani wataleta vya jana."

Kijino aliweka kopo lake mwisho wa meza. Mwalimu wa darasa akaandika: moja.

Mwalimu Mkuu alimwita Mama Kijino kando. "Dada wa Usafi, hivi vyote vimwagwe kabla ya saa nane. Gundi inaanza kesho. Kule nyuma ya vyoo, kwenye shimo la taka."

"Vimwagwe, Mwalimu? Chakula chote hiki?"

"Sasa watoto wajenge kasri la maonyesho kwa maboksi yenye chakula ndani?"

"Nilikuwa nasema, labda wapishi, au tukigawa kwa..."

"Tugawe? Mzazi aseme mtoto wake ameletewa ugonjwa na chakula cha kugawa shuleni? Mwaga. Na ukimaliza, mwagia dawa ya choo juu yake."

Mama Kijino alidhani amesikia vibaya. "Dawa ya choo?"

"Ile ya bluu. Wasije watu wakaokota. Wageni wanakuja Jumatatu, hawawezi kukuta watu wanachakura shimo letu. Tutaonekanaje?"

"Sawa, Mwalimu. Basi nikishamwaga nivioshe. Mtindi ukibaki ndani..."

"Maji yanachuja rangi! Usioshe kitu. Usiguse maji kabisa, umenisikia? Vibaki kama vilivyotoka dukani."

Basi akamwaga. Alipasua mifuko ya kornifleksi moja baada ya nyingine, ikamiminika shimoni kwa sauti kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu. Alikoroga makopo ya maziwa kwa kijiti mpaka unga ukatoka, ukampanda puani, kooni, kwenye nyusi, na kila alipolamba midomo alikuta utamu. Alivunja mayai mia na themanini. Mwanzoni aliyahesabu, kisha akaacha kuhesabu akawa anayabamiza tu ukingoni mwa shimo, na viini vikateleza chini vizima vizima, vinamtazama. Nzi walifika kabla ya trei ya tatu. Jua likapiga, maziwa yakashikana na mtindi yakawa ujiuji, na harufu ikaanza kupanda, ya utamu ulioanza kuchacha, iliyochanganyika na ile ya vyoo. Alishika tumbo. Asubuhi ile hakuwa amekula kitu, na tumbo lake pumbavu lilikuwa linashindwa kuamua kama linataka kutapika au linataka kula.

Kabla ya kufungua chupa ya dawa ya bluu alitazama nyuma mara mbili. Akachota kornifleksi kavu za juu, ambazo hazijaguswa na kitu, akajaza mfuko wa plastiki. Akabakiza maziwa ya kopo moja, akayafunga kwenye mfuko mwingine. Akaviweka chini ya mfuko wake wa kitambaa, juu akaweka kanga. Ndipo akamwaga dawa.

*

Kila siku mlinzi wa getini alikagua mfuko wake kwa mzaha. "Umeiba ufagio leo, dada?" Naye hujibu, "Nimeiba vumbi lenu, nalipeleka kupanda mchicha." Anapita. Siku ile mlinzi alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya mzaha ule ule, gari la Mwalimu Mkuu likasimama nyuma yao.

"Mlinzi, unakagua kwa macho au kwa mikono?"

Mlinzi akatumbukiza mkono. Akaugusa mfuko wa plastiki, ukalia kwa ndani. Alimtazama Mama Kijino, naye akatazama chini.

Ilikuwa saa ya kutoka. Watoto walikuwa wamepanga foleni wakisubiri magari, na madereva wamesimama. Mwalimu Mkuu alishuka, akautoa mfuko wa plastiki mwenyewe kwa vidole viwili, akauinua juu.

"Hii ni nini?"

"Ni zile za kumwaga, Mwalimu."

"Nilikwambia umwage wapi?"

"Shimoni."

"Hapa ni shimoni? Jibu. Mfuko wako ni shimo?"

Mtoto mmoja akacheka. Mama Kijino alimwona Kijino katikati ya foleni, begi mgongoni, mdomo umefungwa kabisa, jino halionekani.

"Wewe ni mwizi," akasema Mwalimu Mkuu bila kupandisha sauti. "Mwizi wa takataka. Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi. Rudi ukamwage, na mlinzi aone ukiweka dawa."

Akarudi, mlinzi nyuma yake. Mlinzi alisimama mbali kidogo, akageuzia uso ukutani. "Nisamehe, dada," akasema. "Nina watoto."

"Najua," akasema Mama Kijino, akamimina dawa ya bluu juu ya maziwa.

Aliporudi getini hukumu ilikuwa tayari. Asije tena kazini mpaka aitwe. Mtoto aendelee kuja hadi Jumatatu, maana darasa likipungua mbele ya wageni haitapendeza. Baada ya maonyesho, Mwalimu Mkuu atafikiria kama shule inaweza kuendelea kusomesha bure mtoto wa mtu asiye na kazi hapo.

*

"Dawa ya choo," Bibi alirudia kwa mara ya nne. "Juu ya maziwa."

"Ndiyo, mama."

"Ile tunayonunua kwa kipimo?"

"Chupa nzima. Mbili."

Bibi akatema kwenye kikombe cha mwanawe. Baba Kijino alikuwa amekaa kizingitini, anazungusha gurudumu la baiskeli ya mtu, halina hitilafu yoyote, anazungusha tu.

"Kwa nini ulichukua?" akauliza hatimaye. "Mke wangu, tumewahi kulala njaa?"

"Tumewahi."

"Tumewahi, lakini..." Akasimamisha gurudumu. "Leo mteja amekuja, ananiambia, fundi, nasikia mkeo kakamatwa. Saa kumi na moja tu hiyo! Nimebaki nimeshika pampu kama mjinga."

"Sasa ulitaka niziache?"

"Nilitaka mtoto asome!"

Wote walitaka hivyo hivyo. Shule nyingine ya karibu ilikuwa na watoto tisini darasa moja, na waliokosa dawati walikaa chini. Kijino alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, hajalala. "Mama," akasema, "kesho wataligundisha kopo la Bibi kwenye mlango wa kasri. Mwalimu wa darasa amesema ndilo zuri."

Siku nne zilipita. Ijumaa mchana kasri lilikamilika, likapanda hadi usawa wa dirisha, lina minara, na Mwalimu Mkuu akaamuru madirisha ya ukumbi yafungwe vumbi lisiingie, na mlango upigwe kufuli. Paa la ukumbi lilikuwa la bati. Jumamosi na Jumapili jua liliwaka kama limetumwa.

*

Jumatatu saa moja asubuhi mlinzi alifika kibarazani anahema.

"Dada, unaitwa. Njoo na kila kitu cha kuoshea ulicho nacho."

"Kuna nini?"

"Mimi sisemi. Nimetapika mara moja, inatosha."

Harufu aliikuta getini. Ukumbini Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama na leso puani, na mwalimu wa darasa alikuwa analia, si kwa huzuni. Kasri lilikuwa linatembea. Ndivyo lilivyoonekana kwa mbali, kuta zake zinacheza. Kwa karibu ukaona ni funza. Walitoka kwenye vikopo vya mtindi, weupe, wanene, wakadondoka mmoja mmoja kutoka minarani mpaka kwenye kitambaa cha meza. Trei za mayai zilikuwa zimeota manyoya ya kijani. Panya walikuwa wametafuna maboksi kwa chini kufuata vumbi la kornifleksi, wakaacha mavi yao kwenye ua wa kasri, na mmoja alikuwa bado yumo, mkia wake unaning'inia dirishani. Juu ya yote hayo kulikuwa na bango la herufi za rangi: HAKUNA KINACHOTUPWA.

"Wageni wanafika saa nne," akasema Mwalimu Mkuu. Sauti yake ilikuwa imelainika ghafla. "Dada yangu, lisafishe. Libaki limesimama, lisibomoke. Ukifanya hivyo, yale ya Jumatano tumeyasahau. Kazi yako ipo, na mtoto wako atasoma mpaka amalize."

"Mpaka amalize?"

"Nakuahidi."

Mama Kijino alifunga kanga kiunoni. Hakuwa na glavu. Aliwachota funza kwa viganja akawatia kwenye beseni, wakajikunja vidoleni, wengine wakapanda hadi kwenye viwiko. Alikwangua mtindi uliogeuka kuwa jibini la kijivu. Alimtoa panya kwa mkia. Mara mbili alikimbia nje, akatapika, akarudi. Kila mara alipotaka kuacha alijisemea, mpaka amalize, mpaka amalize, akaingiza mkono tena.

Wageni walifika saa tatu na nusu.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, kutoka shirika lililoahidi kujenga madarasa mawili, na aliongozana na mpiga picha. Aliingia anatabasamu, akapiga hatua tatu, akasimama. Watoto wa darasa la pili walikuwa wamepangwa ukutani, wameziba pua. Katikati alisimama Mama Kijino na beseni la funza mikononi.

"Samahani sana, mheshimiwa," akawahi Mwalimu Mkuu. "Huyu msafishaji wetu alipewa kazi ya kuosha vifaa vyote kabla havijagundishwa. Akazembea. Si kweli, dada?"

Akamtazama Mama Kijino kwa jicho lile la ahadi. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Neno moja, na miaka mitano ya masomo. Mama Kijino alikuwa ameshalitia neno mdomoni, amebakiza kulitema.

Mgeni rasmi, ili asiangalie beseni, alisogea kwenye mlango wa kasri. "Lakini hiki hapa ni safi," akasema, akalichomoa kopo lenye mtoto mnene. Akachungulia ndani, akalisogeza puani kwa tahadhari, akashangaa. "Kinang'aa! Hiki cha nani?"

"Cha Bibi yangu!" akapaza Kijino kutoka ukutani, na jino likaonekana kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Anatemea ugoro!"

Watoto waliangua kicheko. Mgeni rasmi alilirudisha kopo mezani upesi, akajifuta vidole kwenye sketi. Mwalimu Mkuu akapata pa kushika.

"Unaona, mheshimiwa? Unaona watu tunaoshughulika nao? Mtu anamletea mtoto kopo la mate shuleni. Uchafu wote umeanzia hapo! Ndiyo maisha yao, hawaoni tofauti."

Mama Kijino aliweka beseni chini. Lile neno alilokuwa nalo mdomoni alilimeza.

"Hilo kopo nililiosha mimi," akasema. "Kwa majivu, kwa mchanga, kwa brashi ya waya. Hivi vingine vyote nilitaka kuviosha, nikakatazwa. Niliambiwa maji yanachuja rangi."

"Dada wa Usafi!"

"Ngoja nimalize, Mwalimu. Hao funza hawakutoka kwa mama mkwe wangu. Wametoka kwenye chakula cha watu walioshiba."

"Chakula gani?" akauliza mgeni rasmi. "Si vilikuja vitupu?"

"Vilikuja vimejaa, mama. Kama una moyo, twende nikuonyeshe."

Walikwenda wote, kwa sababu mtoto mmoja alianza kufuata na wengine hawakuzuilika. Nyuma ya vyoo nzi waliinuka kwa pamoja kama zulia linalokung'utwa. Shimo lilikuwa limejaa bonge moja lililovimba, bluu juu, njano kwenye nyufa, linatokota mapovu taratibu. Paka wa shule, yule ambaye watoto walimlisha mikate, alikuwa amelala ukingoni, miguu imekakamaa, ulimi wa bluu. Mwalimu wa darasa akasema kwa sauti nyembamba, "Mayai mia na themanini. Yapo kwenye daftari langu."

Mpiga picha aliinua kamera.

"Hapa usipige," akasema mgeni rasmi.

Akabana pua kwa mtandio wake, akatazama tena mara moja, akageuka. "Lifukiwe," akamwambia Mwalimu Mkuu. "Na sherehe tuifanyie nje, chini ya turubai. Ratiba yangu ni fupi." Hakumwangalia Mama Kijino. Dakika kumi baadaye mtoto wa yule mama wa miwani alikuwa anampa shada la maua, na makofi yalisikika hadi ukumbini, ambako Mama Kijino alikuwa ananawa mikono.

Mwalimu Mkuu alimpitia huko huko. "Ondoka," akasema. "Na huyo wako uondoke naye."

*

Getini mlinzi alisimama wima aliposikia mlio wa kandambili zao.

"Piteni tu, dada."

"Kagua."

"Dada, jamani..."

"Mlinzi, kagua. Kwa mikono, si kwa macho. Nataka kesho asiseme mtu."

Mlinzi alifungua mfuko wa kitambaa, akaingiza mkono kama anayeingiza kwenye moto. Mlikuwa na madaftari matatu ya Kijino, kalamu, kanga iliyolowa, na kopo la maziwa lenye gundi ubavuni.

"Umeiba nini leo?" akauliza, anajaribu mzaha.

"Kopo la mama mkwe. Ana wiki nzima anatemea kikombe cha mwanawe, nyumba haina amani."

Njia nzima Kijino hakuuliza kuhusu shule. Aliuliza kama ile nyingine, ya watoto tisini, inaruhusu mtu kuja na kigoda chake. Mama yake akasema anadhani inaruhusu. Kijino akasema basi baba amtengenezee chenye gurudumu.

Bibi aliwaona kutoka kibarazani, akaona na saa waliyorudi, akaelewa bila kuambiwa. Hakusema pole. Alinyoosha mkono.

"Kopo langu."

Akalipokea, akamtazama mtoto mnene, akalisogeza puani kwa mazoea. Akaliondoa haraka, uso umekunjamana wote.

"Mlikuwa mmeliweka wapi hili?"

"Shuleni, Bibi."

"Linanuka!"

Akakiweka kando kikombe cha mwanawe, akamtuma Kijino majivu na maji. Akalisugua mwenyewe, akalinusa, akatikisa kichwa. Akalisugua tena. Shavu lilikuwa limemjaa kitambo, na midomo ameibana kwa nguvu ili kisimtoke kitu. Alilinusa mara ya mwisho, akaridhika kwa shingo upande, ndipo akatema.